“Bibi, ndoo ni mia mbili”

BARUA

Shikamoo Shangazi,

Nakuandikia usiku, watoto wamelala. Mbele yangu, kwenye mlango wa friji, kuna karatasi ambayo natamani niichane niitie kwenye jiko la mkaa. Nimejizuia mpaka nisikie utasemaje.

Tunakaa Nkuhungu, hapa Dodoma. Mume wangu ni dereva serikalini, anatoka alfajiri kwenda mji wa serikali, Mtumba, na siku nyingine anarudi tumeshakula. Mimi nina kibanda cha kushona karibu na soko la Majengo. Kazi yangu kubwa ni sare za shule, na nina mabinti watatu ninaofanya nao kazi. Kwa hiyo jioni, mpaka tutakaporudi, nyumba iko mikononi mwa watoto: mvulana wa kidato cha pili, binti wa darasa la sita na kitinda mimba wa darasa la pili.

Mwezi wa nne nilirudi siku tatu mfululizo nikakuta vyombo vya jana vimejaa nzi. Nikapiga kelele mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini. Mume wangu akasema dawa ipo. Akachukua karatasi akaandika bei: kuosha vyombo 300, kudeki 500, kufagia uwanja 300, ndoo ya maji kutoka tanki la nje hadi bafuni 200, kila A ya mtihani 5,000. Chini kabisa, kwa kalamu nyekundu: DIVISHENI WANI = SIMU JANJA. Akaibandika. Tukacheka, watoto wakapiga makofi.

Wiki mbili za kwanza, Shangazi, usiombe. Walikuwa wanagombania ufagio. Nikawa nawasimulia wenzangu sokoni, kumbe najichimbia shimo.

Aliyeanza ni binti. Jioni moja mwezi wa sita nikamwambia aoshe vyombo. Akaniangalia kwa utulivu akasema, “Leo sihitaji hela, mama.” Hakuwa na kiburi hata kidogo. Alinijibu kama mtu anayekataa maandazi kwa muuzaji.

Akafuata mdogo. Nyuma ya nyumba tuna mzabibu mmoja, babu yake aliutoa Mpunguzi ukiwa kijiti tu. Huyu mtoto alikuwa anaumwagia maji ya kusuuzia vyombo kila jioni kwa kopo la rangi, anahesabu majani, anauambia habari za shule. Baba yake kwa kumpenda akamwongezea kwenye orodha: kumwagilia mzabibu 100. Mwezi wa saba hela ikayumba, tukapitisha wiki mbili bila kulipa. Siku moja naona majani yamejikunja, namuuliza, ananiambia, “Bado nadai.” Sasa umebaki vijiti.

Mkubwa ndiye ananiumiza zaidi. Alikuwa mtoto wa kufungua vitu. Mwaka jana alikaa jioni nzima na redio ya bibi yake, ameazima chuma cha kuchomelea kwa fundi wa simu, ameungua kidole, na ilipolia alikimbia uwanjani kama amefunga goli. Fizikia alikuwa anapata sabini na kitu. Muhula uliopita ameleta A ya Kiswahili na A ya Jiografia, Fizikia ana D. Nilipomgombeza akanijibu, “Mama, si bei ni moja?” Sikuwa na jibu.

Na sasa lililonifanya nikuandikie. Mwezi wa nane mama mkwe alikuja kutoka Kongwa kutibiwa macho. Alipanga kukaa wiki mbili. Alikuja na ile redio, imeharibika tena, ameifunga kwenye kitenge ili mjukuu aitazame. Jioni ya pili akamwomba mjukuu maji ya kuoga. Kijana yuko kwenye kochi, akasema, “Bibi, ndoo ni mia mbili,” akacheka mwenyewe. Bibi hakucheka. Alifungua fundo la kanga, akatoa sarafu ya mia mbili, akaiweka kwenye mkono wa kochi, akatoka kuchota mwenyewe na macho yake hayo. Nikasikia kata inagonga ndoo. Mume wangu akajaribu kuleta utani, eti mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hakuna aliyecheka. Alipomaliza dawa za kwanza, akasema ana shughuli Kongwa, akaondoka. Redio kaiacha juu ya kabati. Sarafu iko pale pale kwenye kochi, hakuna anayeigusa.

Kibandani nako sijambo kidogo tu. Mabinti walikuwa wanachelewa, dakika kumi, robo saa. Mwezi wa sita nikaweka faini ya 1,000 kwa atakayepita saa mbili kamili. Sasa wanafika saa tatu. Anaingia, anaweka elfu moja kwenye meza ya kukatia, anasema “Faini hiyo dada,” anakaa. Mmoja anashona kola, mmoja marinda, mmoja vifungo na pasi, ndivyo kazi inavyoenda haraka. Overloki, ile mashine ya kufunga kingo za kitambaa zisifumuke, ni moja na inasumbua, wanaisubiriana mpaka saa nne. Desemba inakuja na oda za sare, na mimi nimekuwa kama konda, kazi yangu kupokea hela.

Mume wangu anasema bei zimepitwa na wakati, tupandishe tu. Shangazi, binadamu hafanyi kitu mpaka aone hela? Au nimewaharibu mwenyewe?

Mama Sare, Nkuhungu


JIBU

Marahaba mwanangu.

Hiyo sarafu ya kwenye kochi iache hapo hapo kwanza, tutaifikia. Nianze na kibandani, maana huko pana unafuu.

Ulilolifanya kwa mabinti wako lilishafanywa Haifa, Israeli, na wachumi wawili, Uri Gneezy na Aldo Rustichini, wakaliandika mwaka 2000. Kulikuwa na vituo 10 vya kulelea watoto, na wazazi walikuwa wakichelewa kuwafuata watoto wao jioni, mwalimu anabaki anasubiri. Baadhi ya vituo vikaweka faini ya shekeli 10 kwa mzazi aliyechelewa zaidi ya dakika 10. Waliochelewa wakaongezeka mpaka wakafika kama mara mbili ya mwanzo. Kabla ya faini, mzazi alikuwa anamwonea haya mwalimu. Alipowekewa bei, haya ikaisha, akawa mteja. Elfu yako moja nayo imekuwa bei ya saa nzima ya usingizi wa asubuhi, na kwa hali ya sasa ni bei ya kutupa.

Kuna kipande cha habari hiyo watu hukiruka. Faini ilipoondolewa, wazazi hawakurudi kuwa kama zamani. Waliendelea kuchelewa vile vile. Kwa hiyo ukifuta faini Jumatatu, usitegemee kuona mtu saa mbili kamili Jumanne. Ifute hata hivyo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haimwachii mwajiri akate ujira wa mtu anavyojisikia, na sidhani kama kuiweka mezani kwa mkono wao kunakusafisha sana.

Lakini nimeisoma barua yako mara tatu nikakwama sehemu moja uliyoipita kama si kitu. Overloki ni moja, inasumbua, wanaisubiriana mpaka saa nne. Sasa niambie: binti anayefika saa mbili anafanya nini? Anakaa. Anatazama mashine inayogoma. Ningekuwa mimi ningekunywa chai yangu nyumbani, nikaja saa tatu, na elfu ningetoa kwa roho safi. Umewahi kuwauliza kwa nini wanachelewa? Hukuandika kwamba uliwauliza. Uliandika kwamba uliwatoza.

Hapa kwetu kuna jaribio ambalo ingefaa kila mwenye duka alijue. Linaitwa KiuFunza, lilifanyika mwaka 2013 na 2014 katika shule za msingi 350 kwenye wilaya 10 za Tanzania. Shule za kundi moja zilipewa fedha za matumizi ya shule, vitabu na mahitaji mengine. Katika kundi la pili, walimu wa darasa la kwanza mpaka la tatu waliahidiwa bonasi kwa kila mtoto atakayefaulu mtihani wa mradi. Kundi la tatu lilipata vyote viwili. Fedha za shule peke yake hazikusogeza alama za watoto. Bonasi peke yake ilileta matokeo ya kuchanganya, huku imefaa, kule haikufaa. Palipokuwa na vyote viwili, watoto walijifunza zaidi, na ilionekana wazi. Mimi nalitafsiri kifundi: hamasa haishoni nguo kwenye mashine mbovu. Kabla hujanunua zawadi yoyote ya mabinti, mpeleke fundi mashine, au ongea na jirani mwenye overloki mkodishiane kwa saa.

Na hukuniambia unawalipa kiasi gani. Sitakudadisi, ila najua mtu hanyamazi kwenye jambo analojivunia. Kama ujira hautoshi nauli na chakula cha mchana, au unalipa Jumamosi hii ukiruka ile, funga ukurasa huu ukalirekebishe hilo kwanza. Mwanasaikolojia mmoja Mmarekani, Frederick Herzberg, aliwahoji wahandisi na wahasibu wapatao 200, akatoa matokeo mwaka 1959, akasema yanayomtia mtu uchungu kazini na yanayomtia ari ni makundi mawili tofauti. Njia yake ya utafiti ilikosolewa sana baadaye, lakini hilo moja mimi nimeliona kwa macho: ujira mbovu unaua kazi, halafu ujira mzuri peke yake unamleta mtu mpaka mlangoni tu.

Ndani ya mlango kuna nini? Huyo binti wa kola anashona kola. Wiki nzima kola, hajaona shati. Mwenzake anapanga marinda kutwa na hajui sketi imeishia kwa nani. Najua kwa nini umegawa hivyo, Desemba kola mia kwa mkono mmoja ni haraka kuliko kila mtu na shati lake. Desemba gawa. Lakini sasa hivi ambapo oda ni za kubangaiza, mpe kila mmoja nguo nzima, akate, ashone, apige pasi, na ndani ya pindo aweke mshono mmoja wa uzi wa rangi yake. Nyekundu wa huyu, njano wa yule. Halafu mtoto akija kujaribu, usimpimishe wewe. Mwite aliyeshona. Akamwone yule mtoto wa darasa la kwanza anavyozunguka mbele ya kioo mpaka marinda yanafunguka kama mwavuli. Hilo halimo kwenye bahasha ya Jumamosi.

Muda wa kufika, kaa nao muupange. Pengine mmoja ana mtoto wa kupeleka shule, saa mbili na nusu ndiyo saa yake ya kweli. Saa waliyoitaja wenyewe wataiheshimu kuliko uliyoining'iniza wewe, na atakayeikiuka atawaonea haya wenzake. Ile haya uliyoiuza kwa elfu moja ndiyo tunataka irudi, na itachukua muda.

Sasa nyumbani.

Mume wako alitaja methali nzuri mahali pabaya. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Watu wengi wanaitumia kumfukuza mgeni kwa adabu. Mwalimu Nyerere aliitumia mwaka 1962 alipokuwa akieleza ujamaa, kwamba kwetu hapakuwa na mtu wa kula jasho la wenzake. Mimi, kila nikiisikia, nabaki kwenye lile jembe. Mgeni aliyepewa jembe si mgeni tena. Ameingizwa shambani na wenye shamba, jioni atakaa nao sufuria moja na atakuwa na la kusema kuhusu mvua. Kumpa mtu kazi ya nyumba yenu ni kumwambia huyu ni wetu. Ile karatasi ya kwenye friji imewarudisha wanao nyuma, kutoka wenye nyumba mpaka vibarua. Na kibarua ana haki moja ambayo mwenye nyumba hana: anaweza kusema leo sihitaji hela. Binti yako hakukukosea. Mlimwambia jikoni ni sokoni, akafanya kama wafanyavyo watu sokoni.

Bei ikipanda, kama anavyotaka baba yao, itafanya kazi. Wiki mbili, kama mwanzo. Kisha itazoeleka, na mtapandisha tena, na huyo mkubwa akifika kidato cha nne mtakuwa mnajadiliana naye kama chama cha wafanyakazi.

Kitinda mimba wako ana habari yake tofauti, na ndiye aliyenigusa. Mwaka 1973 watafiti watatu, Mark Lepper, David Greene na Richard Nisbett, walikwenda kwenye shule ya chekechea huko Marekani kuwatazama watoto waliopenda kuchora kwa kalamu za rangi. Wengine wakaahidiwa cheti chenye utepe na nyota ya dhahabu kama watachora. Wengine wakapewa cheti hicho hicho baada ya kuchora, bila kuahidiwa. Wengine hawakupewa kitu. Baada ya wiki moja au mbili kalamu zikawekwa darasani, anayetaka achore. Wale walioahidiwa cheti walichora kama nusu tu ya muda wa wenzao. Waliopewa kwa kushtukizwa hawakupungua. Mtoto aliyekuwa anachora kwa raha zake amefundishwa kwamba kuchora ni kazi ya kupatia cheti. Cheti hakipo, achore kwa nini?

Mzabibu ndio ulikuwa kalamu za huyo mtoto. Alikuwa anausimulia habari za shule, mwanangu! Mkaingiza mia ndani ya mazungumzo ya watu wawili.

Kwanza mlipeni. Wiki mbili anazodai, mpeni zote, baba yake mwenyewe amhesabie mkononi na aseme samahani kwa kuchelewa. Mkifuta orodha kabla ya kulipa deni mtakuwa mmemdhulumu, na hilo atalikumbuka kuliko mzabibu. Kisha nenda nyuma ya nyumba, kwaruza gome la shina kwa ukucha. Ukikuta ubichi wa kijani chini yake, haujafa. Mzabibu wa Dodoma umezoea kukatwa, wakulima hapa wanaukatia matawi na kuvuna mara mbili kwa mwaka. Mwulize babu yake akatie wapi, na mtoto awepo. Kopo la rangi lirudi mahali pake bila hotuba. Akimwagia, sawa. Asipomwagia, mwagia wewe, na yeye akuone.

Vyombo ni jambo jingine. Vyombo havina utamu, na sitakudanganya kwamba kuna njia ya kumfanya mtoto apende masizi ya sufuria ya ugali. Edward Deci na wenzake walikusanya majaribio 128 ya aina hii mwaka 1999, wakaona zawadi iliyoahidiwa inapunguza hamu ya mtu kwenye jambo alilokuwa anapenda. Kwenye jambo ambalo halipendezi tangu mwanzo, hakuna hamu ya kuua. Basi kwa vyombo, karatasi ya friji haikuua mapenzi. Iliua wajibu, na wajibu hauji kwa mapenzi, unakuja kwa kuwa mmoja wa watu.

Mimi nimekulia Mpwapwa. Kazi niliyoichukia kuliko zote ni kutwanga uwele. Peke yangu kinuni, jua la saa tisa, nilikuwa naona kila punje ina jina langu. Lakini siku dada yangu akija na mchi wake, tunapishana, wangu juu wake chini, wake juu wangu chini, na ukikosea michi inagongana na mtu anacheka, unga ulikuwa unaisha sijui saa ngapi. Kinu ni kile kile, uwele ni ule ule. Sasa wewe nyumbani kwako umegawa kama kibandani: huyu vyombo, huyu uwanja, huyu maji, kila mtu na kola yake. Waweke wawili wawili. Mmoja aoshe, mwingine asuuze na kupanga, muziki ulie. Nani na nani, na zamu zipi, wapange wao wenyewe Jumapili, ninyi mtie sahihi tu. Wakikosea kupanga, vyombo vikalala, wale asubuhi kwenye sahani walizoosha haraka haraka. Usiokoe.

Na baba aonekane. Jumapili moja, wanawe wakiwa wanamtazama, ashike tambara la kudeki kutoka sebuleni mpaka barazani. Najua anaendesha gari tangu alfajiri. Jumapili moja tu. Nyumba ambayo watu wazima wanatoa bei na watoto wanatoa jasho, mtoto anajua hesabu yake haraka sana.

Hela nao wanaihitaji, hasa huyo wa kidato cha pili. Wapeni hela ya matumizi kila wiki, kiasi mnachoweza, isifungwe na ufagio wala mtihani. Mkitaka kuwaonjesha kuuza nguvu zao, kuna kazi ambazo ungemwita mtu wa nje: kupaka rangi ukuta wa uani, kuja kibandani Desemba kutia vifungo. Hiyo walipe, tena bei ya mtu mzima, siku hiyo hiyo. Kwenye ndoo ya kuoga msiandike bei tena.

Shule. Kwa kijana wako nilicheka kwanza, nisamehe. “Si bei ni moja?” Angekuwa mfanyabiashara mzuri. Mliweka bei moja kwa mzigo mwepesi na mzito, akabeba mwepesi. Ahadi ya simu imeshatolewa na mtihani wake ni Novemba, msiibatilishe sasa. Akifikisha, mpeni, na simu iwe ya kweli, isije ikawa ile ya baba iliyopasuka kioo. Ila baada ya hapo msiahidi tena. Mkifurahi na matokeo, mchinjie kuku bila kumwambia kabla.

Kuhusu Fizikia usimwambie kitu. Umeshamwambia vya kutosha. Badala ya kumwuliza umepata ngapi, jioni moja mwulize akuoneshe kwa nini overloki yako inakata uzi. Mpeleke kibandani Jumamosi na bisibisi yake. Inawezekana asiweze, fundi ataitwa tu. Lakini kwa miezi mitano hakuna mtu nyumbani aliyemwomba anachokijua. Mmekuwa mnanunua anachokileta.

Sasa ile sarafu.

Kijana alitania, nakubaliana nawe. Lakini kwa Bibi mzaha ule ulikuwa taarifa kwamba yeye ni mgeni kwa mwanawe. Ndiyo maana hakugomba. Mtu hugomba kwao.

Aliyeandika karatasi ndiye aitoe. Usiichane wewe usiku kwenye jiko la mkaa, utakuwa umegombana na mumeo mbele ya wanao bila kusema neno. Aitoe yeye, watoto wakiwepo, aseme alikosea bei ya vitu visivyo na bei, basi, asihutubie. Kisha mama mkwe apigiwe simu, na mpigaji awe mwanawe, si wewe. Macho yake yanahitaji kuonwa tena. Mwambieni kijana ndiye atakwenda kumchukua Kongwa shule ikifungwa. Mabasi ya Kongwa ni ya kila siku. Asiandikiwe maneno ya kuomba radhi. Kijana akiamka huko asubuhi ataona mwenyewe ndoo ziko wapi.

Redio nayo isiende Kongwa ikiwa mbovu. Ishushe kutoka juu ya kabati leo, ifungue kitenge, iweke kwenye meza anayosomea. Na ile mia mbili iweke juu yake, aione.

Shangazi